Mke Wangu Aliomba Siku Mbili za Kimya, Nikamuundia Kamati

Mpendwa Bi Jedida,

Shikamoo. Naomba msaada wako, ila kabla sijauomba nataka ujue ni mtu wa namna gani anayekuandikia, maana mimi si wa kuja kulia hovyo gazetini. Mimi nilizaliwa na bahati. Shule niliacha darasa la saba, lakini simama popote kati ya Mtwapa na Malindi uulize emsii wa harusi ni nani, utatajiwa mimi hata hujamaliza kuuliza. Kitaliano nakizungumza, nilikiokota Malindi kwa Wataliano wenyewe, ndege nimepanda, Dar nimefika mara mbili, na kuna mheshimiwa mmoja, jina nalihifadhi, aliwahi kuacha pilau yake ikipoa akasimama kunipigia makofi. Lakini hayo yote weka kando, bahati yangu kubwa ni mke. Nina mke, Bi Jedida, ambaye kwa miaka ishirini hucheka kila mzaha wangu, na hucheka wa kwanza, kabla ya ukumbi mzima, hata ule mzaha wa mbuzi wa mahari ambao nimeusema katika harusi mia tatu. Niambie mwanaume mwingine wa pwani hii aliye na bahati hiyo.

Mke huyo ni Dorcas. Nyumbani namwita Mama Cynthia, kwa jina la binti yetu mkubwa. Anafundisha watoto wa chekechea, na kanisani huimba sauti ya pili, au niseme aliimba, maana hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Mwezi wa pili mwaka huu aliniomba nimsindikize hospitali akapimwe masikio, nami nikamwambia nina harusi Mtwapa, na kweli nilikuwa nayo, ila harusi ilikuwa ya saa tisa mchana na hospitali ilikuwa ya saa mbili asubuhi, yeye alijua hivyo na mimi nilijua hivyo, na hakuna aliyesema. Alienda peke yake. Aliporudi aliketi kwenye kiti cha jikoni na mkoba bado uko begani, akaniambia sikio la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, daktari hajui ni mwaka au ni miwili, na nisimwambie mtu yeyote, kwa sababu mwalimu mkuu akijua, darasa lake atapewa mwingine.

Mimi nikafanya nini? Nikaanza kumpigia kelele. Nilidhani ndiyo dawa, kazi yangu ni sauti, nikaona nimsaidie kwa kile nilicho nacho, basi chai nikawa naiomba kwa sauti ya uwanjani, chumvi naiomba kwa sauti ya uwanjani, hata nikimwambia nampenda namwambia mpaka mbwa wa jirani anabweka. Siku moja jirani alikuja akasimama mlangoni na kanga kichwani akasema, "Emsii, kwani nyinyi mnagombania nini kila siku? Semeni tuwaamue." Alipoondoka, Dorcas akaniambia polepole, "Baba Cynthia, usinipigie kelele. Kelele zote zinaingia. Maneno ndiyo hayaingii."

Sasa mwezi wa tisa tunatimiza miaka ishirini ya ndoa. Siku moja alikuwa anachambua mchicha, akaniambia bila kuinua kichwa, "Sitaki zawadi. Nataka unipeleke mahali hapana watu. Siku mbili tu. Tulale kwenye hema dogo, tupike wenyewe kwa kuni, tutembee kwa miguu, mimi na wewe. Nataka nisikie ndege. Na nataka nikusikie wewe ukizungumza kwa ile sauti yako ya nyumbani, si hiyo ya kazi."

Nikamfanyia mzaha. "Kwani mimi nina redio ngapi?"

Hakucheka. Akasema, "Ile uliyokuwa nayo Marereni."

Marereni ndiko tulikokutana, Bi Jedida. Wakati huo mimi nilikuwa mbebaji wa magunia ya chumvi na yeye alikuwa kwenye upande wa kupakia. Emsii sikuwa, maikrofoni sikuwa nimeshika hata kwa bahati mbaya, jioni tulikuwa tukitoka kazini tunatembea hadi barabarani, naye ananiuliza jambo, namjibu kwa Kigiriama chetu, polepole, kwa sababu mgongo unauma na hakuna haja ya haraka. Hiyo ndiyo sauti anayoitaka. Nilimwambia sawa, nitakupeleka, na haki ya Mungu nilimaanisha.

Kosa langu ni kwamba nilimpigia simu dada yangu mkubwa, Kahonzi, nimuulize kama anajua mahali patulivu.

"Patulivu pa nini?" akauliza.

Nikamweleza, siku mbili, hema, kuni, sisi wawili.

"Porini? Miaka ishirini ya ndoa, mwende mkajifiche porini kama watu walioiba kuku? Mwaringa, unataka watu waseme nini? Watasema nyumba imeharibika, mmepelekana kwa mganga."

"Dada, ni yeye aliyeomba."

"Wifi hajui kuomba. Ana haya tu. Niachie mimi."

Nikamwachia. Hapo ndipo ninapojilaumu, maana neno la kumzuia nilikuwa nalo mdomoni na sikulitoa. Siku mbili baadaye kulikuwa na kamati, na kamati ina kikundi cha simu kinachoitwa Miaka 20 ya Emsii, na kikundi kina watu sabini na watano. Mwaura, yule mwenye duka la kukodisha tenti na viti hapa kwetu, alinishika bega akasema, "Boss, wewe umewasherehesha watu wote wa Kilifi. Sasa zamu yako imefika. Tenti ni yangu, viti ni vyangu, wewe leta mdomo tu." Bi Jedida, maneno hayo yalinilewesha. Kwaya ikapatikana, kitenge cha sare kikachaguliwa, wakapata hoteli Kikambala yenye bustani na nyasi, nami nikajiambia, si aliomba nje, bustani ni nje, si aliomba mbali na nyumbani, Kikambala ni mbali, kwa hiyo nimemtimizia yote, kasoro lile la watu. Na Dorcas sikumwambia. Nilisema itakuwa mshangao wa furaha.

Aliyemwambia ni fundi cherehani. Kahonzi alimtuma nyumbani aje ampime. Dorcas alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya watoto, fundi akamwomba asimame, akasimama, akanyoosha mikono, akauliza, "Nguo ya nini hii?" Fundi akamjibu karibu na uso, na mimi nikiwa nimekaa pale pale, "Ya sherehe yenu, mama. Mko wengi, sabini na watano." Dorcas alibaki mikono imenyooka mpaka akapimwa kifua, kiuno, na urefu wa mkono, akamshukuru fundi, akamsindikiza hadi nje. Aliporudi akachukua daftari alilokuwa ameliacha.

Jioni ile akaniambia, "Ukishika hicho chuma chako, mimi sisikii hata neno moja. Naona mdomo unafunguka na watu wanacheka. Niliomba siku mbili. Watu sikuomba." Kisha akasema jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. "Baba Cynthia, sauti yako ya nyumbani nimeanza kuisahau. Sikio likifunga kabla sijaisikia tena, nitabaki na hiyo ya harusini maisha yangu yote."

Sasa niambie nifanye nini. Nikiahirisha sherehe wataniuliza kwa nini, na sababu ya kweli nimekatazwa kuitaja, na sababu ya uongo kamati haitaikubali, Kahonzi atasema mke wangu ana kiburi, na kitenge kimeshakatwa. Nisipoahirisha, nimemwibia mke wangu kitu ambacho sitaweza kumrudishia. Na hata nikiahirisha, kuna hofu nyingine, hii sijamwambia mtu. Juzi nilienda nyuma ya jiko peke yangu nijaribu kuongea kama zamani, bila kupaza, nimwambie maneno mawili matatu ya kweli kana kwamba yupo mbele yangu. Nilisimama pale kama dakika kumi. Kilichotoka ni "Mabibi na mabwana." Nikajaribu tena, kikatoka kile kile. Ninaogopa nitamfikisha huko kwenye kimya chake, atageuza sikio lililobaki, na mimi sitakuwa na kitu cha kutia ndani yake.

Na kwa kuwa nimefika hapa, acha nimalizie. Ile bahati niliyojisifia hapo juu ni uongo. Dorcas hacheki wa kwanza. Hucheka wa mwisho. Nimemtazama kwenye harusi tatu zilizopita nikiwa juu jukwaani: anaangalia meno ya Kahonzi, yakionekana, naye anacheka.

Mwaringa,
Kilifi

*

Mwaringa,

Marahaba. Majina yenu nimeyabadilisha, mji wenu na kazi ya mkeo pia, na kuna mengine nimeyageuza bila kukwambia, kwa hiyo atakayesema anawajua atakuwa anakisia. Wewe najua ungeiweka barua na picha yako juu yake.

Nimekuhurumia, na nimekukasirikia, na sijui nianze na lipi. Nianze na hasira, ndiyo haichukui muda. Mwanamke alikunong'oneza jambo moja akichambua mchicha, nawe ukalipeleka kwa watu sabini na watano. Umesema ni Kahonzi. Si Kahonzi. Kahonzi hakuwapo jikoni siku ile mkeo aliporudi hospitali na mkoba begani. Na umesoma jina la kikundi chenu? Miaka 20 ya Emsii. Ndoa ina watu wawili, na mmoja hata jina lake halimo. Ungemaliza mwaka bila kuona, kama fundi hangebisha hodi.

Hasira imekwisha. Sasa nisikilize, na usinijibu kwa mzaha.

Siri ya masikio ni mali ya mkeo. Usiitumie kujiokoa, hata kwa dada yako, hata kwa mchungaji. Lakini umejidanganya kwamba unahitaji sababu. Huhitaji. Nenda nyumbani kwa Kahonzi kwa miguu yako, si kwa simu na si kwenye kikundi, umwamkie vizuri kama dada yako mkubwa, kisha umwambie hivi: "Dada, sherehe nimeiahirisha. Mimi na mke wangu tunasafiri wawili. Ni uamuzi wangu." Sema ni wako. Ukisema "Dorcas hataki" utakuwa umemtupa kwa wifi yake na atamaliza miaka mingine ishirini akilipishwa neno hilo. Atakuuliza kwa nini. Rudia maneno yale yale. Atakuuliza tena. Rudia. Atasema watu watawasema mmeenda kwa mganga, basi waseme. Wewe umezoea kusemwa vizuri kila Jumamosi, hutakufa ukisemwa vibaya mwezi mmoja. Hiyo ndiyo zawadi yako ya kwanza kwa mkeo: ubebe aibu, na yeye asijue uzito wake. Kitenge hakiozi. Watakivaa Krismasi. Mwaura mwambie wewe mwenyewe pia, mapema, apate mtu mwingine wa kumkodishia.

Safari sasa. Kikambala usiende. Kuna hoteli nzuri huko, lakini nzuri zake zina muziki, na muziki ndio adui yenu mwaka huu. Usimpeleke pia ufuo wowote ulio wazi ambao upepo unapiga mchana kutwa na mawimbi yananguruma, kwa sababu watu wenye masikio mazima huita hicho kimya, na mtu mwenye sikio moja linalofifia hukiita ukuta. Nenda Kuruwitu, pale karibu na Vipingo, ambapo wanakijiji wenyewe wametenga sehemu ya bahari yao wanailinda. Kabla ya siku yenyewe nenda peke yako uwaulize wenyeji mambo matatu: mnaruhusiwa kupiga hema wapi, maji yatakupwa saa ngapi siku hizo mbili, na upande gani una miti ya kuzuia upepo. Tafuta siku ambazo maji yanakupwa asubuhi. Maji yakipwa, wimbi hubaki mbali kule kwenye mwamba, upepo bado umelala, na hapo mtu anaweza kusikia ndege, na anaweza kusikia mumewe.

Marehemu mama yangu alipoteza masikio akiwa na umri wa miaka hamsini. Sisi watoto tulimpigia kelele miaka kumi tukidhani ndio upendo. Muuguzi mmoja ndiye aliyetufundisha, tukiwa tumechelewa, nami nakufundisha wewe bado una muda. Kaa upande wake wa kulia. Kaa mbele kidogo, si nyuma, ili auone mdomo wako, na jua liwe usoni kwako, si kwake. Usishike kidevu, usitafune kitu. Sema polepole kwa sauti ya kawaida. Asiposikia, usirudie kwa nguvu, tafuta neno lingine. Na usiyaweke maneno yako ya maana akiba kwa ajili ya usiku kando ya moto, najua ndivyo ulivyopanga, kwenye giza mkeo haoni mdomo na utakuwa unahubiria kuni. Maneno ni ya asubuhi. Usiku mshike mkono, mlale. Kusikia kunamchosha kuliko unavyojua, amekuwa akifanya kazi hiyo siku nzima, kila siku, mbele ya watoto wa chekechea, bila mtu wa kumpokea.

Simu zenu mwachieni binti yenu nyumbani. Yako hasa.

Umeniuliza utasema nini. Hapo nyuma ya jiko hukushindwa kwa sababu sauti imepotea. Ulishindwa kwa sababu ulianza na salamu za ukumbi, na yule unayetaka kuongea naye hahitaji kukaribishwa. Anza na jambo lililokuuma. Unalo, umeniandikia mwenyewe. Mwambie, "Siku ya hospitali harusi ilikuwa ya mchana. Ningeweza kuja. Niliogopa." Kwa Kigiriama chenu, bila kitu cha kuchekesha mbele wala nyuma yake. Kisha nyamaza umwache ajibu. Huenda akakukasirikia, amekaa na hasira hiyo tangu mwezi wa pili, mwache. Huenda akakaa kimya asubuhi nzima. Usikijaze hicho kimya. Najua kwako kimya ni ishara kwamba kazi imeharibika, watu watatoka waende zao. Yeye haendi popote, Mwaringa. Ndiye aliyeomba kuja.

Mkirudi, mwende hospitali wote wawili, saa mbili asubuhi, hata kama harusi iko saa tatu. Wewe ndiye utakayemuuliza daktari kama kuna kifaa cha sikio kinachomfaa, na kama bado kuna cha kufanya kwa hilo la kulia, na uandike anachosema kwenye karatasi, kwa sababu mtu anayepewa habari mbaya huwa hasikii nusu yake, masikio yawe mazima au mabovu. Habari ya kumwambia mwalimu mkuu ni yake, ataamua siku yake, na siku hiyo umsindikize, ukae nje.

Kwa Kahonzi nenda leo. Na usiniandikie tena kunieleza ilivyokuwa huko Kuruwitu. Hayo yote utakayotamani kuniambia mimi, mwambie mkeo, wakati bado yanaingia.

Bi Jedida